Kivuli Si Giza: Kulea Ua la Usambara Barazani

Ukishuka kutoka Amani, katika Usambara Mashariki, pale mashamba ya chai yanapokoma na msitu kuanza, utakutana na miamba iliyojikunyata kando ya vijito. Mwamba nilioonyeshwa mimi ulinizidi urefu mara mbili. Ulikuwa mwezi wa Mei, masika hayajakata, na uso wa jiwe ulikuwa umevaa ukijani laini kama zulia lililolowa. Maji yalichuruzika nyuma ya ukijani huo, taratibu, bila sauti. Na katika nyufa ambamo hata kidole hakipiti yalikuwa yameota majani ya mviringo yenye malaika, yametandazwa kama sahani. Katikati ya kila sahani palikuwa na vijiua vya zambarau, petali tano tano, na vidonge viwili vya manjano vilivyobanana katikati.

Kijana aliyetuongoza aliliita dughulushi. Mimi nilikuwa nalijua ua lile lile kwa sura nyingine. Nililiona miaka kadhaa nyuma katika duka la zawadi jijini Dar es Salaam, limefungwa karatasi ya kung'aa na utepe, na kibandiko kikisema ni ua la Ulaya. Iliniuma siku ile niliposimama mbele ya mwamba, na bado inaniuma. Ua hili halikuzaliwa Ulaya. Porini linaota Tanzania na Kenya tu, kwenye safu za milima ya Tao la Mashariki na vilima vya karibu na pwani. Wajerumani, ambao ndio waliolitangaza duniani, hawakuficha: mpaka leo katika lugha yao linaitwa Usambaraveilchen, urujuani wa Usambara.

Makala hii ni ya kuwaomba watu wa kwetu walirudishe nyumbani. Si kulichimba msituni; hilo nitalisema mbele, tena kwa ukali. Nasema kulipanda, kulilea, na kulijua. Na anayetaka kulijua aanze na neno moja ambalo wengi wetu tunalielewa vibaya: kivuli.

Chungu changu cha kwanza kilikufa ndani ya wiki mbili. Nilikiweka uani pamoja na waridi, kwa sababu nilidhani kila ua hupenda jua. Majani yakapauka, yakawa ya manjano, kisha pembeni yakakauka kahawia. Nilipokinunua cha pili, nikakimbilia upande wa pili: nikakiweka kwenye kona ya ukumbi, nyuma ya kabati la vyombo. Hicho hakikufa. Kiliishi miezi minane, kikarefusha vikonyo vyake kama mtu anayenyoosha shingo kuchungulia dirishani, na hakikutoa hata ua moja.

Shangazi yangu wa Tanga alikuja kututembelea akakiona. Akakinyanyua, akakigeuza geuza, akaniuliza, "Mwanangu, huyu umemfunga?"

"Si wanasema anapenda kivuli, shangazi?"

"Kivuli si giza. Mtu akikaa chini ya mwembe mchana, si anaweza kufuma ukili? Anaona mpaka uzi. Hapa ulipomweka wewe, ukili utaufuma?"

Kipimo hicho cha ukili ndicho ninachokitumia hadi leo, na nimekiona kuwa bora kuliko maelezo mengi ya vitabuni. Mahali ambapo mtu mwenye macho mazuri anaweza kushona, kufuma au kusoma gazeti tangu asubuhi hadi alasiri bila kuwasha taa na bila jua kumchoma, hapo ua la Usambara litakaa. Kipimo kingine ni cha mkono: nyanyua kiganja juu ya mmea saa sita mchana. Kivuli cha kiganja kikikatika wazi kama kimechorwa, jua ni kali mno. Kisipoonekana kabisa, umeuzika mmea. Kikionekana kwa ukungu ukungu, weka chungu hapo na usikihamishe ovyo.

Ukiutazama ule mwamba wa Amani utaelewa kwa nini. Juu yake kuna miti mirefu yenye majani yasiyotulia. Mwanga unaofika chini ni ule uliochujwa, na jua lenyewe hupita kwa vipande vidogo vinavyocheza na kuondoka. Majani ya mmea yamejitandaza bapa, hakuna linalomfunika mwenzake, kila moja likikinga mwanga mdogo unaoshuka. Mmea uliojipanga hivyo kuukusanya mwanga haba hauwezi kuvumilia mwanga wa uani. Na mmea uliojipanga kuukusanya mwanga hauwezi kuishi bila huo mwanga.

Hapa lazima niseme jambo ambalo kwalo vitabu vya Ulaya vinatupoteza. Huko wanaambiana waweke chungu kwenye dirisha la kaskazini au la mashariki. Kwao jua liko kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini ni salama. Kwetu jua linahama. Mtu wa Tanga au Pemba, kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, jua lake la mchana liko upande wa kaskazini. Miezi iliyobaki liko kusini. Baraza iliyokuwa na kivuli kizuri mwezi wa Julai inaweza kupigwa jua mwezi wa Desemba. Mwenye nyumba yenye baraza anayeujua ukuta wake atavihamisha vyungu mara mbili kwa mwaka, kama mvuvi anavyofuata kusi na kaskazi. Baraza ya mashariki yenye chaga au mti mbele yake ndiyo inayonipa raha zaidi: jua la saa moja hadi saa mbili asubuhi halina ubaya, na linachangamsha maua.

Tuna neema moja ambayo wenzetu wa kaskazini wanainunua. Ua hili linataka mchana wa saa kumi na mbili hivi na usiku wa kweli, wa giza. Ulaya na Marekani, siku za baridi, wakulima wake huwasha taa juu ya vyungu kwa saa kumi na mbili au zaidi. Wanatengeneza kwa umeme mchana ule ule tunaopewa sisi bure, Januari hadi Desemba.

Habari ya namna lilivyoondoka hapa inastahili kusimuliwa, kwa kuwa imejaa majina tunayoyafahamu. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya wa Kijerumani pale Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta mahali pawili: kwenye nyufa za mawe ya chokaa, mwendo wa saa moja kutoka mjini, chini ya mita 50 juu ya usawa wa bahari, na juu, ndani ya msitu wa Usambara, kwenye mita 750 hivi. Alilituma kwa baba yake, bwana mmoja mpenda mimea aliyeishi Fischbach, Silesia. Baba akampa Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya kifalme ya Herrenhausen mjini Hannover, na mwaka 1893 Wendland akaliandika kitaalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Sehemu ya kwanza ni heshima kwa familia ile. Ya pili ni ya Kigiriki, maana yake ni lenye maua kama urujuani wa Ulaya, ingawa mimea hiyo miwili si ndugu hata kidogo. Mwaka huo huo lilionyeshwa kwenye maonyesho makubwa ya bustani mjini Ghent, Ubelgiji, na kampuni ya mbegu ya Ernst Benary ya Erfurt ikaanza kueneza mbegu zake.

Lakini Saint Paul hakuwa wa kwanza kulichuma. John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alikuwa ameshatuma mmea wake kwenye bustani ya Kew, London, mwaka 1884. Mwaka 1887 akafuata mmisionari wa Mombasa, W. E. Taylor. Msomaji wa Kiswahili anamjua Taylor kwa kazi nyingine: ndiye aliyechapisha kitabu cha methali zetu mwaka 1891, na ndiye aliyehangaika kuzikusanya tungo za mshairi Muyaka zisipotee. Mtu aliyezihifadhi beti za Mombasa alikuwa pia amebeba ua hili kati ya mimea yake. Sampuli zao hazikutosha kuandikwa kitaalamu, na sifa ikaenda Tanga.

Kuanzia hapo ua likawa la dunia. Katika miaka ya 1920 kitalu cha Armacost & Royston cha Los Angeles kiliagiza mbegu kutoka Ujerumani na Uingereza, kikachagua miche kumi iliyokuwa bora kuliko mingine yote, na kutoka hiyo kumi yakazaliwa mengi ya yale yanayouzwa leo: meupe, ya waridi, yenye petali za kujikunja, yenye pindo la rangi ya pili. Mwaka 1946 wapenzi wake Marekani wakaunda chama chao. Siku hizi aina zake ni maelfu kwa maelfu. Na kuhusu yale ya porini wataalamu nao hawakuacha kubishana. Mtaalamu wa mimea B. L. Burtt alifikia kutaja spishi 20, wengine wakazipunguza, na mwaka 2015 jenasi nzima ya Saintpaulia ikaingizwa ndani ya Streptocarpus. Mkulima wa barazani hilo halimsumbui. Mimi ninachokipenda katika orodha ya Burtt ni majina, maana ukiyasoma ni kama uko ndani ya basi la mikoani: amaniensis wa Amani, magungensis wa Magunga, tongwensis wa mlima Tongwe, shumensis wa Shume, teitensis wa Taita.

Turudi kwenye chungu. Kosa la pili tunalolifanya ni la ukarimu. Tunampa mmea huu chungu kikubwa, tunakijaza udongo mweusi na samadi, na tunamwagilia kila siku. Kumbuka ufa wa jiwe. Mmea ule wa Amani unaishi juu ya ngumi moja ya majani yaliyooza, na mizizi yake ni myembamba kama nywele, inataka hewa kuliko inavyotaka chakula. Chungu kiwe theluthi moja tu ya upana wa majani: majani yakitandaa sentimita 30, chungu cha sentimita 10 kinatosha, na kiwe na tundu chini. Udongo uwe mwepesi. Mchanganyiko wangu ni mafungu mawili ya usumba wa nazi ulioloweshwa na kusuuzwa mara tatu ili chumvi itoke, fungu moja la mboji iliyoiva na kuchekechwa, na fungu moja la mchanga wa mto ulio mnene pamoja na mkaa uliopondwapondwa. Ukiukamata mkononi na kuufumbata, ukifungua kiganja unapaswa kumomonyoka. Ukibaki donge, ongeza mkaa.

Samadi mbichi usiiguse. Mbolea ya maji, robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara mbili kwa mwezi, inatosha.

Maji ndiyo yanayoua maua haya mengi zaidi, hata kuliko jua. Shina lake ni fupi, limejificha katikati ya majani, na maji yakituama hapo usiku kucha linaoza. Utaamka ukute majani yamelala wakati udongo umelowa. Wengi wakiona hivyo huongeza maji, na huo ndio mwisho. Weka kidole: udongo wa juu ukiwa mkavu, mwagilia. Ukiwa na unyevu, mwache. Tena mwagilie kwa chini. Chukua sahani, tia maji, kalisha chungu humo kwa nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Maji yasiwe ya baridi ya jokofu au ya alfajiri ya Lushoto. Jani lenye joto likiguswa na maji baridi hubaki na madoa ya mviringo meupe yasiyotoka tena. Watu hudhani ni ugonjwa, wakanunua dawa. Ni maji tu.

Kuna njia ambayo imenisaidia sana ninaposafiri, nayo ni ya utambi, ule ule wa koroboi. Chukua kipande cha uzi wa nailoni, kipitishe kwenye tundu la chungu hadi katikati ya udongo, ning'iniza upande wa pili kwenye chupa ya maji iliyo chini. Udongo unakunywa kidogo kidogo, kadiri unavyokauka. Nikiutazama utambi ule nauona mwamba wa Amani, na maji yake yanayotambaa kwa nyuma.

Wenye bustani za milimani, Lushoto, Amani, Marangu, wanaweza kufanya jambo ambalo mtu wa pwani atalionea wivu. Wana kuta za mawe. Ukuta wa mawe usiotiwa saruji, ulio chini ya miti na usiopigwa jua la mchana, ni mwamba wa msituni uliojengwa kwa mikono. Jaza nyufa kwa mchanganyiko ule, bandika mche mchanga, na uushikize kwa nyuzi za usumba hadi ujishike wenyewe. Maji ya mvua hayatuami kwenye shina kwa kuwa mmea umelala kwa ubavu. Angalia konokono tu. Wanayapenda majani haya, na usiku mmoja unawatosha kumaliza kazi ya miezi. Chini ya nyuzijoto 15 mmea unasinyaa, kwa hiyo kipupwe kikikaza, funika au ingiza ndani. Pwani tatizo ni kinyume chake. Joto la Februari likivuka nyuzi 30 mmea huacha kutoa maua, ukakaa tu. Usiuhukumu. Weka vyungu juu ya sinia la changarawe na maji ili hewa ya karibu ipoe, na ungoje masika.

Na vidung'ata, wale wadudu weupe kama vipande vya pamba, hujificha kwenye maungio ya vikonyo. Kijiti kilichozungushiwa pamba na kuchovywa kwenye spiriti kinawamaliza ukiwawahi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niupende mmea huu kupita yote niliyowahi kuyapanda. Jani moja linazaa. Chagua jani lililokomaa, si lile la chini kabisa lililochoka wala la katikati ambalo bado ni changa. Likate kwa wembe safi, libaki na kikonyo cha sentimita tatu, mkato uwe wa mshazari. Lichomeke kwenye usumba na mchanga, lilaze kidogo, lifunike kwa chupa ya plastiki iliyokatwa nusu, uliweke pale pale penye mwanga wa kufumia ukili. Baada ya mwezi hivi mizizi imetoka, ingawa huioni. Hapo ndipo subira inapopimwa, kwa sababu juu hakuna kitu. Jani limesimama vile vile, wiki ya tano, ya sita, ya saba. Mimi la kwanza nililing'oa kutazama, nikalirudisha, nikaling'oa tena; likafa. La pili niliapa sitaligusa. Wiki ya tisa, chini ya kikonyo, udongo ukapasuka kidogo na vikajitokeza vijani vidogo kama masikio ya panya, viwili, kisha vinne, kisha kundi. Jani lile moja lilinipa miche mitano. Ilipofika theluthi ya ukubwa wa mama yao niliitenganisha, kila mmoja chungu chake, na baada ya miezi saba mmoja ukachanua.

Siku uliyochanua nilikaa nao asubuhi nzima. Tazama ua lake vizuri utaona kijiti chembamba, sehemu ya kike ya ua, kimepinda upande mmoja. Kwenye ua la jirani kimepinda upande wa pili, kana kwamba maua hayo yanatazamana kwenye kioo. Halina mbochi. Nyuki anayelitembelea porini hulishika na kuitetemesha misuli yake ya kurukia kwa kishindo, na chavua humwagika kutoka kwenye vile vidonge vya manjano. Barazani kwangu nyuki hao hawafiki, kwa hiyo mbegu sipati. Majani yananitosha.

Huko kwao hali si nzuri. Ua hili haliwezi kuhama. Linashikilia mwamba wake, na kila bonde lina la kwake. Miti iliyo juu ya mwamba ikikatwa kwa mbao, mkaa au shamba la iliki, hakuna anayehitaji kuligusa ua lenyewe. Jua linaingia, ukijani unakauka, maji yanakoma, na katika msimu mmoja jiwe linabaki tupu. Lile la Taita, teitensis, limebaki kwenye msitu mmoja tu, wa Mbololo, nchini Kenya. Upande wa Tanzania, hifadhi ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997, yenye zaidi ya hekta 8,000, inalinda sehemu kubwa ya miamba ya Usambara Mashariki, na walinzi na vijiji vinavyoizunguka wanastahili shukrani zetu.

Ndiyo maana nasema kwa ukali: ukienda Amani, usichume. Hata jani moja. Mmea wa msituni haupendi chungu chako na yamkini utakufa njiani kabla hujafika Muheza, na ufa uliouacha wazi hautazibwa. Nenda kwa wauza miche, ulizia wanachokiita vayoleti, lipa bei yao. Au tafuta jirani mwenye nao umwombe jani.

Shangazi hajawahi kununua hata mmoja. Jani lake la kwanza alipewa na mwalimu mwenzake, likasafiri ndani ya kitambaa kibichi kwenye mkoba. Safari yangu ya mwisho Tanga nilihesabu vyungu ishirini na tatu kwenye baraza yake, vingi ni makopo ya maziwa yaliyotobolewa chini, vimepangwa nyuma ya chaga la minazi pale anapokaa kufuma. Nilipoaga alikata majani matatu, akayakunja kwenye leso iliyoloweshwa, akanipa, akasema la pindo jeupe nimpelekee mama.